Mbona klachi ya pikipiki ya kale hung'ang'ania au huteleza

PIKIPIKI iliyokaa ghalani miaka mingi haikosi kuonyesha ukaidi wake siku ya kwanza inapotolewa nje, na mara nyingi ukaidi huo hauko kwenye injini bali kwenye klachi.

Mwenyewe hutia petroli, akapiga kiki mara mbili tatu na injini ikaitika. Kisha hubana mkono wa klachi, akakanyaga gia ya kwanza, na chombo kikaruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Akiwa na bahati, injini huzimika papo hapo. Akiikosa, hujikuta katikati ya barabara au juu ya bampa ya gari lililo mbele yake.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa pikipiki za Uingereza zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya sabini, kwa kuwa nyingi kati yazo zina gia upande wa mguu wa kulia na breki upande wa kushoto, kinyume na pikipiki za leo. Mwendeshaji aliyezoea Boxer au Honda hukanyaga mguu wa kulia akitafuta breki, kumbe anabadilisha gia.

Miongoni mwa pikipiki hizo, iliyopendwa kuliko nyingi ni Triumph Bonneville. Iliingia sokoni kama mtindo wa 1959 ikiwa na injini ya sentimita 650 za ujazo, na jina lake lilitokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah nchini Marekani, ambako pikipiki zenye injini za Triumph zilikuwa zimekimbizwa kwa kasi ya kuvunja rekodi. Ilitengenezwa Meriden, karibu na jiji la Coventry, katika kiwanda kilichofungwa mwaka wa 1983. Kuanzia mtindo wa 1963, injini na giaboksi ziliwekwa ndani ya gamba moja, na klachi ya pikipiki hizo ndiyo inayoelezwa hapa. Hata hivyo, mengi ya yasemwayo yanazihusu BSA na nyinginezo za rika lake.

Nchini Kenya, chombo cha aina hii huonekana kwa nadra barabarani. Huonekana zaidi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, ambako pikipiki hushindanishwa sambamba na magari. Lakini kung'aa siku moja mbele ya waamuzi ni jambo moja, na kupanda mteremko wa Mai Mahiu hadi Limuru huku lori likinguruma nyuma ni jambo jingine. Huko ndiko klachi inayoteleza humwaibisha mwenyewe, na si aibu pekee: injini hupiga kelele, kasi hupungua, na lori halina nia ya kungoja.

Inavyofanya kazi

Klachi ni daraja linaloweza kukatwa na kuungwa kati ya injini na giaboksi. Katika Bonneville, nguvu hutoka kwenye shafti ya injini kwa sproketi ya meno 29, ikapitia cheni ya safu mbili hadi kwenye ngoma ya klachi yenye meno 58. Kwa hivyo klachi huzunguka nusu ya kasi ya injini.

Ndani ya ngoma hiyo hupangwa sahani ambazo mafundi huziita pleti. Sita zimebandikwa utando wa kusuguana, na masikio yao hukaa kwenye mianya ya ngoma. Nyingine sita ni chuma kitupu, na meno yao ya ndani hushika kitovu kilichofungwa kwenye shafti ya giaboksi. Zinapangwa kwa zamu, moja ya utando na moja ya chuma. Juu yake huja sahani nene ya kukandamiza, na springi tatu huzibana zote pamoja hadi zikazunguka kama kitu kimoja.

Mkono wa klachi unapobanwa, kebo huvuta kifaa kidogo chenye gololi tatu kilicho upande wa pili, ndani ya kifuniko cha giaboksi. Gololi hizo hupanda mteremko mdogo na kusukuma fimbo nyembamba iliyopita ndani ya shafti yenye tundu. Fimbo hiyo huinua sahani ya kukandamiza, pleti zikapata nafasi, na daraja likakatika.

Mwinuko huo ni mdogo mno, na lazima ugawanywe kati ya pleti zote kumi na mbili. Ndiyo sababu kebo iliyolegea kidogo tu, au sahani iliyopinda unene wa karatasi, yatosha kuharibu kazi yote.

Maradhi mawili

Klachi huugua kwa namna mbili. Ya kwanza ni kung'ang'ania: mkono umebanwa lakini pleti hazijaachana vizuri. Gia huingia kwa kishindo, nyutro haipatikani chombo kikiwa kimesimama, na mwendeshaji hulazimika kuitafuta kabla ya kusimama. Ya pili ni kuteleza: mkono umeachwa lakini pleti hazishikani, injini ikaenda mbio huku gurudumu likisitasita.

Kiki yenyewe ni kipimo kizuri. Katika Bonneville, nguvu ya mguu hupita kwenye giaboksi kisha kwenye klachi kabla ya kuifikia injini. Iwapo kiki yashuka laini bila ya injini kuzunguka, klachi inateleza na hapana haja ya kulaumu kabureta.

Wengi wanapoona klachi inateleza hukimbilia kukaza nati za springi. Dawa hiyo ni mbaya. Mkono huwa mzito hadi vidole vikafa ganzi kwenye msongamano wa magari, kebo hukatika, na chanzo cha kuteleza hubaki pale pale, ambacho aghalabu ni mafuta yasiyofaa, utando uliokwisha au fimbo isiyo na nafasi ya kupumua.

Kwa hivyo ukaguzi na uanze na yaliyo rahisi. Kwanza, kebo hulegezwa kabisa pale kwenye mkono. Kisha kizibo cha kifuniko cha cheni hufunguliwa ili kuifikia skrubu iliyo katikati ya sahani ya kukandamiza. Nati yake ya kufungia hulegezwa, na skrubu ikazungushwa ndani kwa bisibisi polepole hadi iguse fimbo. Ikishagusa, hurudishwa nyuma nusu mzunguko na kufungwa hapo. Mwisho, kebo hukazwa hadi mkono ubaki na mchezo wa milimita tatu hivi kabla haujaanza kuvuta.

Utaratibu huo haubadiliki, na kuupindua ndiko kunakowaponza wengi. Anayeondoa ulegevu wote kwenye kebo bila kuigusa skrubu hukifanya kile kifaa cha gololi kianze safari kikiwa tayari kimepanda nusu ya mteremko wake, kisha akashangaa mbona klachi haiachii. Na fimbo ikikosa nafasi kabisa, huisukuma sahani wakati wote. Klachi huteleza, na ncha ya fimbo huchomeka kwa joto la msuguano.

Kebo nayo isidharauliwe. Ipite kwa mikunjo mipana, mbali na bomba la moshi, wala isibanwe na usukani unapogeuzwa. Kichwa cha waya kilicho ndani ya mkono hutakiwa kuzunguka kwa urahisi. Kikikauka, waya hupindwa kila mkono unapovutwa, na nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine hadi siku ya safari ndefu. Tone la mafuta mahali hapo ni bora kuliko kebo mpya kila msimu.

Kuinua sahani sawasawa

Ikiwa marekebisho hayo hayakutibu kung'ang'ania, hapana budi kukifungua kifuniko cha cheni. Mafuta humwagwa kwanza, na chombo cha kuyakinga kiwe kipana, maana mafuta hayo hayana adabu.

Klachi ikiwa wazi, msaidizi hubana mkono huku fundi akishusha kiki taratibu na kuitazama sahani ya kukandamiza ikizunguka. Ikiwa yayumba kama sufuria iliyobonyea, springi hazijakazwa sawa. Upande unaoinuka kidogo ndio ulio na springi iliyokazwa kupita kiasi, nao hulegezwa. Upande unaoinuka sana hukazwa. Zoezi hili hurudiwa hadi sahani izunguke bila kuyumba. Kwa kawaida, ncha ya kila pini huwa imelingana na kichwa cha nati yake, na hapo ndipo pa kuanzia.

Chini ya kila nati pana kinundu kinachoishika ncha ya springi ili nati isijifungue yenyewe. Kwa sababu hiyo, kuilegeza kunahitaji bisibisi nyembamba ya kuisukuma springi nyuma, na bisibisi pana iliyokatwa mwanya katikati ili kuipisha pini. Fundi asiye nayo huichonga kutoka kwa bisibisi kuukuu kwa tupa, na kazi hiyo haichukui zaidi ya robo saa.

Springi zenyewe zilinganishwe urefu zikiwa nje. Moja ikiwa fupi kuliko wenzake, zote tatu hubadilishwa, kwa kuwa hakuna marekebisho yatakayoisimamisha sahani wima juu ya miguu isiyolingana.

Baada ya hapo pleti hutolewa moja baada ya nyingine na kupangwa mezani kwa mfuatano wake. Zile za chuma huwekwa juu ya kioo bapa. Iliyopinda hujionyesha yenyewe kwa kucheza pembeni, na iliyogeuka rangi ya buluu imekwisha kuonja moto. Kuinyoosha kwa nyundo ni kupoteza wakati. Zilizonyooka husafishwa na kukwaruzwa kidogo kwa msasa ili kuondoa ule mng'ao wa kioo.

Pleti za utando huhitaji tahadhari ya aina nyingine. Zamani, watengenezaji wa Uingereza walitumia vipande vya koki, kisha zikaja tando zilizogandishwa kwa gundi, na kwa miongo mingi nyuzi za asbesto zilikuwa kiungo cha kawaida katika vifaa vya klachi na breki. Vumbi la asbesto husababisha saratani ya mapafu. Pleti kuukuu ambayo asili yake haijulikani isipulizwe kwa pampu ya hewa wala isipigwe msasa mkavu, jinsi inavyofanywa katika gereji nyingi za kando ya barabara. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Baadaye jicho lielekezwe kwenye mianya ya ngoma. Masikio ya pleti huigonga mianya hiyo kila injini inapovuta, na baada ya miaka hamsini huwa yamechimba vijishimo. Pleti zikinasa humo haziachani hata mkono ubanwe vipi. Vijishimo vidogo husawazishwa kwa tupa laini, kwa kuondoa chuma kidogo mno na kwa usawa kila upande. Vikiwa vikubwa, ngoma hubadilishwa. Kitovu cha ndani hukaguliwa vivyo hivyo.

Kuitoa ngoma yenyewe ni kazi kubwa zaidi. Cheni ya Bonneville haina kiungo cha kufungulia, kwa hivyo jenereta iliyo kwenye shafti ya injini, sproketi ya injini, cheni na klachi hutoka kwa pamoja. Kitovu hukaa kwenye shafti iliyochongwa mshazari, nacho hutolewa kwa kivutio maalumu kinachojifunga kwenye nyuzi zake. Wapo mafundi waliojaribu kukitoa kwa nyundo na patasi. Waliishia kuipinda shafti ya giaboksi, na bei ya shafti hiyo ingewanunulia vivutio kadhaa.

Nyuma ya kitovu kuna roli 20 za beringi. Atakayezipanga ataona pengo linaloonekana kana kwamba lahitaji ya 21. Lisijazwe, ndivyo lilivyobuniwa. Kabla ya kufunga, ile mipira ya kupunguza mshtuko iliyo ndani ya kitovu hutazamwa, na ikiwa imesagika au imelainika kwa mafuta hubadilishwa, maana ikiharibika, kila mpigo wa injini huifikia cheni na giaboksi ukiwa mbichi.

Swali la mafuta

Pengine hakuna kinachozua ubishi mwingi kuliko mafuta. Klachi ya Bonneville huogelea, yaani cheni na pleti hulowa mafuta yaliyomo kwenye kifuniko. Katika mitindo ya kabla ya 1970, kifuniko hicho kilijitegemea na kiwanda kiliagiza mililita 350 hivi za mafuta mepesi ya daraja la SAE 20. Kuzidisha kipimo hakumsaidii yeyote: pleti huzama, hunata asubuhi ya baridi na kuteleza jua linapochomoza.

Kuanzia 1970, injini ilianza kupumulia ndani ya kifuniko cha cheni, na mafuta ya sehemu hizo mbili yakawa yanachanganyika. Hapo ndipo mwenye pikipiki anapopaswa kusoma maandishi ya kopo kwa makini. Mafuta mengi ya magari ya kisasa yametiwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Ni jambo jema kwa injini ya gari, lakini klachi huishi kwa msuguano. Alama ya kutafutwa ni JASO MA, kipimo kilichowekwa nchini Japani mwishoni mwa miaka ya tisini kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi yake hulowa mafuta. Kopo lenye alama ya MB halifai kwa kazi hii. Wahudumu wa bodaboda wanaotia mafuta ya gari kwa kuwa yana bei nafuu wangefaidika na ushauri huo huo, kwani klachi zao nazo huogelea.

Norton Commando, iliyozinduliwa mwaka wa 1967, ina kisa chake. Badala ya springi nyingi ina springi moja bapa yenye umbo la sahani, na mkono wake ukiwa sawa huvutwa kwa vidole viwili. Lakini mafuta ya giaboksi hutambaa kando ya fimbo ndani ya shafti na kuzilowesha pleti ambazo hazikukusudiwa kulowa kiasi hicho. Wamiliki waliteswa na klachi iliyoteleza kwa miaka mingi kabla ya sili ndogo ya kuizingira fimbo kuwa dawa ya kawaida. Katika Commando pia, pleti zikiisha unene, mkono huwa mzito, kinyume na mtu anavyotarajia, kwa kuwa springi hiyo huwa nyepesi zaidi inapokaribia kunyooka.

Kuboresha bila kuharibu

Baada ya klachi kurudishwa katika hali yake ya kiwandani, ndipo swali la kuiboresha linapokuwa na maana. Badiliko la kwanza ni pleti za utando wa kisasa. Hugharimu kiasi, hazionekani kutoka nje, na waamuzi wa maonyesho hawatazilalamikia.

La pili ni seti ya pleti saba. Pleti hizo ni nyembamba kidogo hivyo saba hutoshea mahali pa sita, na uwezo wa kushika huongezeka kwa takriban sehemu moja kati ya sita kwa springi zile zile. Faida hiyo yafaa itumiwe kulegeza springi, si kujisifia nguvu. Mkono huwa mwepesi, jambo ambalo anayepita barabara ya Ngong saa kumi na moja jioni atalithamini zaidi ya farasi mbili za ziada.

La tatu ni mkono wenyewe. Mikono ya zamani ilitofautiana umbali kati ya ekseli yake na tundu la kebo. Umbali mfupi hurahisisha kuvuta lakini hupunguza mwendo wa kebo, na ule mrefu hufanya kinyume. Aliyenunua mkono wa mtumba bila kupima huenda akaitafuta kasoro ndani ya injini kwa wiki nzima ilhali ipo mkononi mwake.

La nne ni mkanda wa meno badala ya cheni, pamoja na klachi kavu. Hupunguza uzito, na habari ya mafuta kwenye pleti huisha. Lakini bei yake ni kubwa, na mkanda hukaza kadiri gamba la injini linavyopata joto na kutanuka, kwa hivyo huachwa ukiwa na ulegevu injini ikiwa baridi. Isitoshe, kwa pikipiki za 1970 na baadaye, njia ya injini ya kupumua lazima izibwe na kuelekezwa kwingine. Kwa chombo kinachotembea Jumapili mbili kwa mwezi, gharama hiyo ni vigumu kuitetea.

Ama kuhusu ile pikipiki iliyoruka kama mbuzi, tiba yake ya asubuhi haigharimu chochote. Kabla ya kuwasha injini, mwendeshaji hubana mkono wa klachi na kushusha kiki mara tatu au nne. Mara ya kwanza kiki itakuwa ngumu, kisha itasikika ikiachia ghafla. Wengine hulifunga mkono kwa mpira usiku kucha ili pleti zisigandane, ila springi na kebo hubaki zikivutwa muda wote huo bila sababu.

Pleti mpya zikifungwa, mchezo wa kebo hubadilika upesi zinapokaliana. Upimwe tena baada ya kilomita mia moja za kwanza, injini ikiwa baridi, kwa kuanzia na skrubu ya katikati na kumalizia na kebo.